Meno ya Gia Bado Mazima

Kibaoni,
Ifakara.
28 Januari 1996.

Mpendwa mdogo wangu Digna,

Marahaba, mdogo wangu. Shikamoo yako imenifikia salama, ingawa bahasha ilifika imelowa pembeni na stempu imebanduka. Mimi ni mzima. Neno hilo lisome taratibu, maana najua umeambiwa vingine. Macho yanaona, magoti yanakunja, na meno niliyobakiwa nayo bado yanatafuna muhogo wa kuchoma. Presha nilipimwa kabla ya Krismasi, na yule dada wa zahanati akaniambia niendelee hivyohivyo nilivyo.

Hofu yangu ni juu yenu huko Shinyanga. Je, shemeji Ngusa kifua kimemwachia? Happyness amejifungua salama? Na Makoye bado anakataa kuoa, au mmeshachoka kumwambia? Huku mvua ilinyesha vizuri mwezi wa kumi na mbili, kisha ikapumzika kidogo. Mpunga wa juu umeota, wa bondeni unangoja maji. Wakwe zako Wasukuma wamezidi kuingia na ng'ombe upande wa Namawala, na kesi za mazao kuliwa zimezidi pia, lakini asubuhi tunasalimiana kama kawaida.

Sasa nije kwenye barua yako. Umeniomba, kwa upole wako wa siku zote, nitulie nyumbani, niachane na pikipiki, na hilo jambo la Mchombe nilikabidhi kwa Mungu. Nimeyasoma maneno yako, na ndani yake nimesikia sauti ya mwanangu Amedeus. Najua alikuandikia. Simlaumu kwa kumwandikia shangazi yake. Lakini alikueleza nusu tu, na hiyo nusu aliipinda. Nusu nyingine nakupa mimi mwenyewe, na ukimaliza kusoma utaelewa kwa nini jibu langu ni hapana.

Kwanza umjue Sikitu, kwa sababu Amedeus humwita "yule mama wa mashine" kana kwamba hana jina. Ni mjane wa Mchombe. Mumewe alimwachia mashine ya kukoboa mpunga, na kaka zake yeye mwenyewe walipotaka iuzwe alikataa, akajifunza kuiwasha, kuizima na kuifungua inapogoma. Unakumbuka shamba langu la Mchombe nililolipata nikiwa bwana shamba. Mwaka juzi nilipeleka mpunga wangu kwake tukagombana. Nilimwambia mashine yake inavunja mchele. Akachukua punje chache, akaziuma mbele ya watu, akaniambia mpunga wangu haukukauka na kwamba bwana shamba anapaswa kujua hilo. Alikuwa sahihi. Nikauanika tena siku mbili uani kwake, na hizo siku mbili tukaongea.

Tangu mke wangu Kristina afariki nimekuwa mtu wa kuletewa. Naletewa chakula, naletewa sukari, naletewa wajukuu wanisalimie kisha waondolewe wasinichoshe. Wote wananipenda, sikatai. Ila hakuna anayenibishia. Sikitu ananibishia. Sijui kama nimeeleza vizuri, lakini wewe ulikulia nami Mahenge, unajua maana yake.

Basi kabla ya Majilio nilimtuma mshenga. Kaka yake mkubwa, Eustaki, akajibu kwamba hawana neno, isipokuwa niende mwenyewe, Jumapili ya kwanza baada ya mwaka mpya, wanione. Na akamwambia mshenga hivi: kama mzee hawezi kujifikisha Mchombe, sisi tutamkabidhi dada yetu kwa nani, kwa mgonjwa? Mshenga aliniletea maneno hayo bila kuyapunguza, na mimi sikuyachukia. Nilisema nitafika, na nitafika na Mwingereza.

Mwingereza unamjua. Ni ileile pikipiki niliyoinunua kwa bosi wangu mzungu alipofunga mizigo mwaka wa uhuru. Imenipeleka kila kijiji cha bonde hili, na wewe mwenyewe imekupeleka kituo cha treni siku unaolewa, ukilia mpaka koti langu likalowa mgongoni.

Kwenye mwezi wa kumi na moja ilianza matatizo ya gia. Ukiwa kwenye gia ya pili, ukipanda kilima au ukivuta kwenye tope, gia inachomoka yenyewe. Injini inapiga kelele na pikipiki haiendi. Siku moja ilichomoka nikiwa natoka mtoni, nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye maji, nikaangukia ubavu. Hilo ndilo anguko alilokuandikia Amedeus. Nililowa na nikaaibika, basi. Nikaona nimpelekee fundi Leodegar, huyu kijana wa hapahapa Kibaoni ambaye mimi na baba yake tulikuwa kwaya moja, kwa sababu kuinama muda mrefu kunanitia kizunguzungu na nilitaka kazi ifanywe vizuri.

Alikaa nayo zaidi ya wiki. Nilipokwenda alinawa mikono polepole sana, kisha akaniambia meno ya gia yamekwisha, yamelika kabisa, na spea zake hazipatikani hata Dar es Salaam. Nikajaribu kuiendesha kurudi nyumbani. Digna, ilikuwa mbaya kuliko nilivyoipeleka. Sasa hakuna gia hata moja iliyokaa. Msukuma mmoja wa Namawala alikuwa anapita na mkokoteni mtupu, akaniona naisukuma juani, akasimamisha ng'ombe bila kuulizwa. Tukampandisha Mwingereza mkokotenini kama maiti, na watu wa Kibaoni wakatoka kuangalia.

Amedeus alikuwa ananisubiri uani. Alinisaidia kuishusha, akaipangusa vumbi, akaniambia kwa sauti ya huruma, "Baba, imekwisha. Kila kitu kina mwisho wake. Hata binadamu."

Niliingia ndani nikalala mchana kweupe, jambo nisilolifanya. Na nitakuambia wewe jambo ambalo sikumwambia mtu: nilimwamini. Krismasi ile niliipita kama mgonjwa. Nilianza kushika kuta nikitembea, na ukuta siuhitaji. Nilipanga hata maneno ya kumtuma mshenga akamwambie Sikitu kwamba mambo yameshindikana.

Ningeweza kupanda lori la mpunga, utasema. Ningeweza. Lakini nifike mbele ya Eustaki nimekalia magunia, nishushwe kwa kushikwa kwapa na utingo, halafu niseme nimekuja kuposa? Hapana.

Siku chache baada ya Krismasi nilikuwa nimekaa uani namwangalia Mwingereza, na hasira ikanishika. Sijui ilitoka wapi, ila niliipokea kwa furaha maana nilikuwa nimechoka na huzuni. Nikajisemea, kama ni kufa, mimi mwenyewe nitaona kilichomuua. Nikatoa spana zangu, nikatandika gunia, nikakaa chini ili nisiiname.

Nilianza na klachi. Klachi isipoachia vizuri gia hugoma, na watu hulaumu giaboksi bure. Nikabana mkono wa klachi, nikakanyaga kiki. Kiki ikashuka bila injini kuzunguka. Maana yake klachi inaachia, haina kosa.

Nikaiweka kwenye stendi gurudumu la nyuma lielee. Nikalizungusha gurudumu kwa mkono mmoja huku mkono mwingine unasukuma pedali ya gia. Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia. Ya tatu na ya nne zikaingia. Nikaacha kuzungusha nikafikiri. Meno yaliyolika kabisa hayawezi kushikana hivyo. Shida haikuwa gia kuingia, shida ilikuwa kukaa. Nikitikisa gurudumu kidogo tu, inateleza na kutoka, kama mtu aliyekaribishwa kiti akakataa kukalia. Na kitu kingine: zamani ukibadili gia ulikuwa unasikia mguuni mguso mdogo, kama komeo la mlango linapoingia mahali pake. Sasa pedali ilikuwa inacheza tu, haina komeo.

Kwanza lakini nilitaka uhakika wa meno. Nikamwaga oili ya giaboksi kwenye sufuria kuukuu, nikaichuja kidogokidogo juu ya sahani nyeupe, nikapitisha sumaku niliyotoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Gia ikilika, chuma chake hakiendi mbinguni, kinabaki humohumo kwenye oili. Sikupata kipande. Sikupata hata punje. Ungaunga mweusi wa uzee tu, ule ambao mashine yoyote ya umri wake inakuwa nao.

Ndipo nikaangalia kifuniko cha giaboksi, mdogo wangu. Kifuniko kile nilikipaka rangi ya bluu mimi mwenyewe wakati wa vita vya Kagera, pamoja na vichwa vya skrubu zake, kwa sababu kilikuwa kinashika kutu. Rangi ile ilikuwa imeziba skrubu zote, haijapasuka hata kwenye moja. Juu yake lilikuwepo tope la miaka. Hakuna bisibisi iliyowahi kugusa pale. Mtu aliyeniambia ameyaona meno ya gia hakuwa amefungua kifuniko.

Nikaendelea kupapasa kwa vidole, kwa sababu tumboni pa giaboksi macho hayafiki. Kwa chini kabisa ipo nati moja peke yake. Hiyo ilikuwa safi, inang'aa, ina mikwaruzo mipya ya spana. Nikaifungua. Ndani ya nati ile panatakiwa pawe na pini ndogo na springi inayoisukuma juu. Pini hiyo ndiyo komeo lenyewe: ukibadili gia inazama kwenye tundu lake na kuizuia gia isirudi. Nilitia kidole. Palikuwa patupu.

Nilikaa pale kwenye gunia nisijue kama nacheka au nalia. Springi ikichoka, gia ya pili inachomoka kwenye mzigo. Hiyo ndiyo shida ya mwanzo niliyompelekea. Springi isipokuwepo kabisa, hakuna gia inayokaa. Na springi haina miguu ya kutoka ndani ya nati iliyofungwa.

Nikavaa shati nikaenda kwa Leodegar kwa miguu, bila kushika ukuta wa mtu.

"Leodegar," nikamwambia, "yale meno ya gia uliyaona kwa macho yako?"

"Niliyaona, mzee."

"Yakoje?"

"Yamelika, mzee wangu. Yamelika sana."

"Ulifungua kifuniko na rangi yangu isipasuke. Naomba unifundishe."

Akaangalia spana aliyokuwa ameshika kana kwamba imemkosea. Kisha akaingia ndani, akarudi na kopo la maziwa, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa ilikuwemo pini yangu na springi yangu.

"Nisamehe, mzee Teofili. Mwalimu Amedeus alinijia akasema hiyo pikipiki itakuua, na kwamba ukoo mzima mmekubaliana. Nikaona ni jambo jema. Mimi pia nina baba."

"Baba yako anaendesha nini siku hizi?"

"Baiskeli."

"Basi leo ukirudi mfichie mnyororo, halafu mwambie baiskeli imekufa. Uone."

Niliondoka na vitu vyangu pamoja na kopo lake, na bado ninalo.

Mchana huo Amedeus alikuja kunitazama kama kawaida yake wakati wa likizo. Nilimkaribisha kiti barazani. Mbele yake niliweka kisahani, na kwenye kisahani pini na springi. Hakuuliza ni nini.

"Baba, ungekufa barabarani," akasema.

"Hicho ndicho ulichoogopa?"

Unamjua Amedeus, tangu mdogo hawezi kusema uongo ukimwangalia. Uongo wake wote lazima utumwe kwa mtu mwingine.

"Si hicho tu," akasema. "Mama alikuwa anakaa nyuma ya hiyo pikipiki. Kila Jumapili nilikuwa nawaona mnatokea kule kwenye kona, ameshika mwavuli. Sitaki kumwona mwanamke mwingine amekaa pale."

Digna, maneno hayo yalinigusa, na hata sasa nayaandika polepole. Ningetaka kumshika mkono. Lakini nilikuwa pia nimekasirika, na sikutaka kuificha hasira yangu ili yeye ajisikie vizuri.

"Mama yako nilimpenda akiwa hai na sijaacha," nikamwambia. "Neno hilo ungeniambia usoni tangu mwanzo, ningekaa nawe hapa mpaka jua lizame, tungelia wote. Wewe ukaenda kwa fundi. Umenifanya nilale mchana. Umenifanya nitembee nikishika kuta. Ulinishusha mkokotenini, ukaniambia hata binadamu ana mwisho wake, na springi yangu unajua iko wapi."

"Nilifikiri utazoea."

"Ndivyo nilivyoanza kufanya. Na hapo ndipo uliponikosea."

Akainamisha kichwa. Baadaye akauliza, "Na nikikuomba sasa usiende?"

"Nitakwenda."

"Mimi sitakuja kanisani."

"Hiyo ni haki yako, mwanangu. Na kwenda ni haki yangu."

Aliondoka bila kunywa chai. Kesho yake hakuja, na keshokutwa hakuja. Iliniuma, sitajifanya jabali. Lakini sikumtuma mtu akamwite.

Nikarudi kwa Mwingereza. Pini ilikuwa nzima, ila springi ya zamani ilikuwa imechoka kweli, ukiibana kwa vidole haijitetei. Nikatafuta nyingine. Kwenye stoo nilikuwa na bomba la kupulizia dawa ya pamba, la enzi za kazi, na ndani yake springi ya unene uleule lakini ndefu. Nilipoitia nzima, pedali ikawa ngumu, gia haibadiliki mpaka upige teke. Nikaitoa, nikakata pete moja kwa koleo. Bado ngumu. Nikakata nyingine. Nikaogopa kukata zaidi, maana ukizidisha umerudi palepale kwenye kuchomoka, nikaisugua tu kidogo kwenye jiwe. Nilipoirudisha na kuzungusha gurudumu, nikasukuma pedali, nikaisikia: komeo limeingia. Nikalitikisa gurudumu mbele na nyuma kwa nguvu zangu zote. Gia ikakaa.

Nilitia oili mpya, nikapiga kiki, nikazunguka Kibaoni yote, na sikuchagua njia za nyuma. Nilipita mbele ya karakana ya Leodegar. Nilipita mbele ya nyumba ya Amedeus kwenye gia ya pili, taratibu, ili wote wasikie mlio.

Jumamosi ile kabla ya Jumapili ya miadi niliondoka asubuhi mapema, milima ya Udzungwa mkono wa kulia ikiwa na ukungu. Sikukimbia. Nilipumzika Mbingu, nikanywa chai, nikanyoosha mgongo. Mbele ya pale mvua ilikuwa imeacha tope jeusi, lile tunalolijua, linaloshika gurudumu kama linalidai. Kuna mahali njia inashuka kwenye kijito kisha inapanda ghafla, na malori yamechimba mashimo. Nikashuka. Nikaingia majini. Nikatia gia ya pili na kuanza kupanda, na mwili wangu wote ulikuwa unangoja ichomoke. Mguu ulikuwa tayari kukanyaga chini. Mwingereza alitetemeka, akateleza nyuma kidogo, akashika, akapanda. Nilipofika juu nilisimama nikazima injini, si kwa kuchoka. Nilitaka tu kusimama pale juu kwa muda.

Nilifika Mchombe nimepakwa tope mpaka kwenye nyusi. Eustaki na wadogo zake walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha banda la mashine. Mashine ilikuwa inaunguruma, na waliponiona hakuna aliyesimama mara moja. Kisha Eustaki akanyanyuka akaniamkia, shikamoo kavu.

"Tuliambiwa umeghairi," akasema. "Dereva wa lori alileta salamu kutoka kwenu, kwamba mzee anaumwa na jambo limekwisha."

Sikumtaja mwanangu mbele yao. Nikasema, "Kama unavyoona, naumwa njaa tu."

Mashine ikanyamaza. Sikitu akatoka na pumba kichwani na begani, anapangusa mikono kwa khanga. Aliniangalia mimi, akaiangalia pikipiki, akaniangalia tena.

"Karibu, bwana shamba," akasema. "Wenzangu hawa walishakuzika. Mimi nilisema mtu huyu akighairi atakuja kughairi hapa mbele yangu, tena kwa ubishi."

Eustaki hakuwa tayari kuachia. "Mzee, safari hii utaiweza mpaka lini?"

"Mpaka siku nitakayoshindwa. Na siku hiyo nitawaambia mwenyewe, hamtaletewa habari na dereva."

Akaangalia chini, na nadhani alitabasamu, ila ndevu zake ni nyingi. Tulikula wali na kambale. Jumapili baada ya ibada tulizungumza wote, na Sikitu akasema sharti lake mbele ya kaka zake ili lisije likapotea njiani: haachi mashine yake, na hahamii Kibaoni kukaa anaangaliwa na watoto wa mwenzake. Anayemtaka atamkuta Mchombe. Nikakubali kabla hajamaliza. Kwa hiyo, mdogo wangu, ulivyoniomba nitulie nyumbani, nitatulia, ila nyumba zitakuwa mbili, na kati yake ipo barabara.

Padre ametukubalia. Tangazo la kwanza la ndoa lilisomwa hapa Ifakara Jumapili iliyopita. Amedeus alikuwemo kanisani, benchi la nyuma, na jina langu lilipotajwa alitoka nje. Leo limesomwa la pili. Hakutoka. Alikaa, akaangalia mbele.

Juzi kati hapo alipita nyumbani. Hakuingia ndani, alichuchumaa karibu na Mwingereza, akapitisha kidole kwenye gurudumu, akasema, "Baba, tairi la nyuma limekwisha."

Nikamuuliza, "Limekwisha kweli, au limekwisha kwa kukubaliana na fundi?"

Alitaka kukasirika, ikamshinda, akacheka, na mimi nikacheka. Tukalitazama pamoja. Limekwisha kweli. Hajaniambia kwamba anakubali, na mimi sikumwomba akubali. Nilimwambia tu anishikie pikipiki nilichomoe, akashika. Mama yake bado yumo kati yetu, na atakuwemo siku zote. Sikitu analijua hilo. Anaye marehemu wake pia.

Basi akikuandikia tena unizuie, mjibu salamu zake za afya tu, kisha umweleze habari za mvua za Shinyanga. Na wewe mwenyewe, Digna, nimekusikiliza tangu ukiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Safari hii sikusikilizi, na nakuomba usinune.

Upande wangu, kwa rika letu, hakuna mtu wa damu yangu aliyebaki zaidi yako. Nataka usimame wewe kanisani pembeni yangu. Panda treni mpaka Morogoro, kisha basi. Nitakupokea stendi na mzigo wako tutaufunga nyuma. Ukija kunizuia, njoo. Ukija kunipigia vigelegele, njoo. Ila fika kabla ya Jumamosi tarehe 17 Februari, siku ya ndoa, kwa sababu siku chache baada ya hapo Kwaresima inaanza, na mimi sina nia ya kungoja Pasaka.

Nisalimie sana shemeji Ngusa, mwambie kifua akitie mafuta ya moto. Nisalimie Happyness na mtoto wake, na Makoye, umwambie mjomba wake anatangulia. Mama Balbina jirani anakusalimu, anasema vitenge ulivyomletea mwaka ule bado havijachuja. Mungu awafunike nyote, awape mvua ya kutosha na njia kavu ya kuja huku.

Ni mimi kaka yako, mwenye kukupenda na asiyesikia,

Teofili